Je, jukwaa la mafuta ni bomu juu ya maji? Jibu kwa fundi wa kuchomea wa Chake Chake

"Assalaam alaykum kaka. Mimi ni fundi wa kuchomea hapa Chake Chake, nina miaka 27. Nachomea mageti, madirisha na stendi za matangi ya maji. Wakala mmoja ameniambia kuna kazi kwenye jukwaa la mafuta huko Ghuba, wiki nne kazini na wiki nne nyumbani, na mshahara wa mwezi mmoja kule hapa siupati kwa mwaka. Mama hataki kabisa. Ameoneshwa kwenye simu jukwaa lina moto mkubwa juu ya bomba, anasema lile ni bomu juu ya maji na hanipi radhi zake. Mimi namwambia mafuta hayaripuki hivi hivi, gesi ikivuja nitaisikia harufu, na likitokea la kutokea mimi mtoto wa Pemba, naruka baharini naogelea. Wakala anasema cheti cha usalama atanitengenezea bila ya kwenda darasani, nilipe tu. Je, mama ana haki? Na mimi fundi wa kuchomea nina hatari kuliko wengine?"

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mama yako ana haki ya kuogopa, ila kile kinachomtisha sicho. Na wewe katika kumtuliza umekosea mara tatu: harufu, kuruka, na cheti. Hilo la cheti ndilo lililonikalisha kitako nikuandikie kwa urefu.

Mimi ni mtu wa Wete. Nimefanya kazi ya usalama wa moto kwenye majukwaa ya Ghuba miaka 16, na mama yangu naye kila nikiondoka alikuwa halali. Tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikija kwetu Pemba, usimwambie mzazi yeyote kisiwani kwamba bahari ni mchezo. Kwa hiyo usibishane naye. Mueleze, na uanze na ule moto aliouona.

Ule moto juu ya bomba refu umewekwa kwa makusudi. Mabomba ya jukwaa yanabeba gesi yenye shinikizo kubwa, na ikitokea hitilafu ni lazima itolewe haraka kabla haijatafuta njia yake yenyewe. Inapelekwa kwenye bomba lile, mbali na watu, inaungua pale. Gesi inayoungua kule juu ni gesi ambayo haitajikusanya chini kwenye mitambo. Katika miaka yangu yote ule mwenge haukuwahi kunikosesha usingizi. Niliyokuwa nikiiogopa ni gesi isiyowaka, ambayo hakuna anayeiona.

Twende kwenye karakana yako, maana jambo hili unalijua tayari ila hujaliita kwa jina lake. Mtu anakuletea pipa lililokuwa na petroli, anataka ulikate kati afanye pipa la maji. Anakwambia, "Tupu hilo, fundi, halina kitu." Wewe unalijaza maji kwanza ndipo uwashe moto, kwa sababu aliyekufundisha kazi alikufundisha hivyo, au kwa sababu unamjua fundi ambaye hakufanya hivyo na leo hayupo. Pipa lililojaa petroli ni hatari, lakini lililo tupu linaua zaidi. Kinachowaka si petroli yenyewe. Ni mvuke wake, nao hauwaki mpaka uchanganyike na hewa. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa. Pipa "tupu" lina mvuke na hewa vimekaa pamoja ndani ya chuma kilichofungwa, vinangoja cheche. Hata pipa la dizeli, ambayo ikiwa baridi haitoi mvuke mwingi, ukilipiga moto wa kukatia linaanza kutoa.

Jukwaa zima ni hivyo. Ni matangi na mabomba yaliyounganishwa, mengine yamejaa, mengine yametolewa kitu yatengenezwe, na kazi yetu usiku na mchana ni kuhakikisha hakuna pahala ambapo mvuke na hewa vinakutana bila ya sisi kujua. Kwa hiyo uliposema mafuta hayaripuki hivi hivi umesema kweli nusu. Mafuta yanayotoka kisimani yanakuja na gesi ndani yake, kama soda. Shinikizo likipungua, gesi inatoka.

Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani. Ikiwa chini ya asilimia 5 kwenye hewa, haishiki moto, ni kidogo mno. Ikizidi asilimia 15 haishiki pia, hewa haitoshi. Kati ya 5 na 15 ndipo penye msiba. Usije ukasema kwamba ikizidi 15 basi ni salama, kwa sababu upepo utakapoipunguza lazima ipite tena katika kati ile. Sasa, kipima gesi utakachovishwa kifuani hakisomi asilimia ya gesi kwenye hewa. Kinasoma umefika wapi katika njia ya kwendea ile asilimia 5. Kikionesha 20 maana yake umeshakwenda sehemu moja kati ya tano: hewa unayovuta ina asilimia 1 ya methani. Nimewaona vijana wakiangalia 20 wakasema, "Bado mbali." Si mbali. Kama pale uliposimama ni 20, hatua tatu mbele penye mvujo huenda ni 100, na kipima hakijafika huko.

Harufu. Nyumbani mtungi wa gesi ukivuja unasikia harufu kali, na hiyo ndiyo iliyokudanganya. Gesi ya mtungini kwa asili haina harufu ya maana. Ile inatiwa kiwandani kwa makusudi, ili mtu jikoni azindukane. Gesi inayotoka kisimani hakuna aliyeitia kitu. Inaweza kukuzunguka kichwa kizima na pua yako isikwambie lolote. Tena zinakwenda njia mbalimbali: ya mtungini ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kutulia kwenye mashimo, na methani ni nyepesi, inapanda na kujificha chini ya dari na sakafu za ghorofa ya juu. Jukwaani zipo zote mbili, kwa hiyo vitambuzi vinawekwa juu na chini.

Ipo moja yenye harufu, nayo ni mbaya kuliko zote. Visima vingi vya Ghuba vina haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza. Inashika moto, ni nzito kuliko hewa, na ni sumu. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikifika sehemu kama 100 katika milioni ya hewa inaua kwanza uwezo wa pua, ukadhani imeondoka kumbe imezidi. Mtu anayetegemea pua hapo ameshakwisha. King'ora chake kikilia, huendi kutafuta inatoka wapi. Unavaa kinyago chako cha kupumulia, unaangalia soksi ya upepo, kile kitambaa cha kuonesha upepo unavyokwenda, unakwenda kule upepo unakotoka.

Hapa niseme jambo ambalo wakala hakukwambia. Kinyago kile kinaziba kwa kubana ngozi ya uso. Mwenye ndevu hakimzibi, gesi inapita kwenye nywele. Kwa hiyo majukwaa yenye gesi hiyo hayamruhusu mtu mwenye ndevu kushuka kwenye helikopta. Kwetu ndevu kwa wengi ni sunna, na nimewaona vijana wa kwao wema wakakutana na sharti hili uwanja wa helikopta, mkataba umeshatiwa saini. Uliza kabla. Baadhi ya sehemu wana kofia za kupumulia zinazofunika kichwa kizima mpaka shingoni, na hizo hazina tatizo na ndevu, lakini si kila kazi inakubali. Hilo ni baina yako na dini yako, ila likate nyumbani.

Umeniuliza kama fundi wa kuchomea ana hatari kuliko wengine. Ndiyo. Jukwaani kila kitu kimetengenezwa kisitoe cheche: taa, swichi, redio, hata tochi. Simu unaiacha chumbani, sigara ina chumba chake kimoja. Kisha katikati ya hayo yote unakuja wewe, na kazi yako ni kutengeneza cheche. Sakafu nyingi za jukwaa ni za nondo zenye matundu, kwa hiyo cheche yako haiishii miguuni pako. Inashuka ghorofa mbili au tatu chini, kwa watu usiowaona, kwenye mtaro ambao hujui una nini.

Kwa hiyo hutawasha hata mara moja bila ya kibali cha kazi. Kibali kinasema kazi gani, bomba gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, nani amefunga vali zipi kwa kufuli, nani amepima gesi na amekuta ngapi. Nilikofanya kazi mimi, kipimo kilitakiwa kisome sifuri, si "kidogo". Mitaro ya karibu inazibwa, mablanketi yasiyoshika moto yanatandikwa, pengine unajengewa hema maalumu linalosukumiwa hewa safi ili gesi ya nje isiingie. Anasimama mtu ambaye kazi yake pekee ni kukuangalia wewe na cheche zako, mpira wa maji mkononi, na ukimaliza yeye haondoki. Anabaki, maana moto wa kificho huwaka baada ya fundi kwenda kula.

Nitakupa mfano nilioushuhudia. Kulikuwa na fundi mwenzako, mtu wa Kerala, mkimya. Asubuhi alipewa kibali cha kuchomea kishikizo cha bomba. Gesi ilipimwa saa mbili, sifuri. Kazi ikacheleweshwa na winchi. Akarudi baada ya adhuhuri, kila kitu kiko pale pale, kibali hakijaisha muda, msimamizi anamhimiza. Akavua glovu, akakaa juu ya ndoo, akasema, "Pimeni tena." Msimamizi akakasirika. Mpimaji akaja akiburura miguu, akainua kipima karibu na dari. Kikasoma 12. Kifuniko cha vali moja ghorofa ya juu kilikuwa kimeanza kuvuja mchana ule. Ninachokikumbuka ni mkono wa yule mpimaji: kipima kilikuwa kinacheza mkononi mwake, na yule fundi bado amekaa juu ya ndoo, glovu zimo mapajani.

Haki hiyo ya kusimamisha kazi unayo kuanzia siku ya kwanza, hata uwe mgeni, hata hujui lugha vizuri. Kampuni ambayo haikupi haki hiyo kwa maneno na kwa vitendo, usiifanyie kazi kwa mshahara wowote.

Usidhani nalikuza jambo la karatasi. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Uskoti, liliungua na watu 167 wakafa. Halikuanza na dhoruba wala chuma kilichooza. Kulikuwa na pampu mbili. Moja ilikuwa kwenye matengenezo, vali yake ya usalama imeondolewa, na tundu lake limefunikwa kwa bamba ambalo halikukazwa kiasi cha kuzuia gesi. Mafundi wa mchana wakamaliza zamu. Habari ya ile vali haikuwafikia wa usiku. Usiku pampu ya pili ikazima, ikagoma kuwaka, nao wakaiwasha ya kwanza wakidhani iko sawa. Mripuko wa mwanzo ulitokea kama saa nne usiku. Kuta zilikuwa za kuzuia moto, hazikujengwa kuhimili mripuko. Pampu za maji ya kuzimia zilikuwa zimetolewa kwenye kujiwasha zenyewe kwa sababu ya wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi majini, na majukwaa jirani yaliendelea kusukuma kwenye mabomba yaliyounganika na lile. Dakika 20 baadaye bomba kubwa la gesi likapasuka, na hapo hapakuwa na la kufanya.

Pengine utauliza kwa nini mvujo mdogo ufanye vile. Gesi ikishika moto pahala pa wazi, huwaka mara moja na kupita. Jukwaani hapana wazi. Moto unapita baina ya mabomba, nguzo na ngazi, na kila unapogonga kitu unachanika vipande, kama gogo likipasuliwa kuni. Kuni zilizopasuliwa zinashika upesi kuliko gogo, sivyo? Moto uliochanika nao unakula gesi kwa haraka zaidi, unasukuma hewa mbele yake, na msukumo huo ndio unaobomoa ukuta.

Kisima chenyewe nacho kinaweza kupanda, gesi ikaja juu ghafla wakati wa kukichimba au kukifunga. Ndivyo ilivyokuwa kwa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010, wakafa 11. Vipimo vya shinikizo vilikuwa havikubaliani, na waliokuwepo wakavipatia maelezo ya kuwaridhisha. Wewe fundi hutakuwa na mkono katika hilo, ila ujue tu kwamba king'ora kikilia hakikulilii kwa mzaha.

Ukiona ulimi wa gesi unawaka kutoka kwenye bomba, usikimbilie kuuzima. Nalisema hili kwa sababu kila mtu mwema mkono wake unakwenda kwenye kizimamoto. Ukiuzima na gesi bado inatoka, umeibadilisha kutoka moto unaouona kuwa wingu usiloliona, na wingu hilo litakutana na moto mwengine. Kwanza inafungwa gesi kwenye chanzo, na huku vyombo vya jirani vinapozwa kwa maji. Kazi hiyo ina watu wake. Ya kwako ni kuacha zana chini na kwenda pahala pa kukusanyika, uhesabiwe.

Sasa kuruka baharini. Najua unaogelea. Pale Piper Alpha wengi walifuata maelekezo, wakakaa kwenye jengo la kulala wakingoja helikopta ambayo isingeweza kutua, moshi ukawamaliza. Katika 61 waliookoka, wengi ni waliotafuta njia yao ya kushuka mpaka majini. Kwa hiyo siwezi kukwambia usiruke kamwe. Lakini baharini ni mlango wa mwisho. Kuangukia majini kutoka juu vile ni kama kuangukia ardhi, mafuta huelea yakiwaka, na mkondo hauulizi kama wewe ni Mpemba. Boti ya uokozi iliyofunikwa ndiyo ya mwanzo, kisha ngazi na kamba za kukushusha karibu na maji, na ikibidi kuruka unaruka kutoka chini kabisa uwezapo, upande ambao upepo hausukumi moshi, jaketi la kuokolea umelibana kwa mikono, pua umeiziba, miguu pamoja.

Ndiyo maana nakwambia cheti cha kununua ni hatari kuliko kwenda bila ya cheti. Kozi yenyewe inaitwa BOSIET, na kwa bahari za joto ipo yake, T-BOSIET. Kinadumu miaka 4. Ndani yake utafungwa mkanda kwenye mfano wa helikopta, izamishwe kwenye bwawa, ipinduliwe kichwa chini, nawe utoke. Nimewaona wavuvi hodari, watu wanaozamia pweza, wakisahau mkanda uko wapi, kwa sababu juu imekuwa chini. Mara ya tatu wanatoka wakicheka. Hiyo mara ya kwanza na ya pili ndiyo unayotaka kuinunua usiifanye. Na mwenye cheti cha uongo anawekwa kwenye orodha ya watu wanaojua kushusha boti, halafu siku hiyo wenzake wanamwangalia yeye. Wakala anayeweza kukuuzia kile anaweza kukuuzia na mkataba.

Nenda au usiende? Kwa haki, siku nyingi jukwaani zinapita bila ya moto, na wengi wanaoumia wanaumia kwa mambo ya kawaida: kuteleza ngazini, chuma kuanguka, kidole kubanwa. Mshahara ni wa kweli na likizo ni ya kweli. Lakini kwa mtu wa mageti ningependelea uanze bara, kwenye yadi zinazojenga majukwaa au kutengeneza meli. Kule utapata mtihani wa kuchomea mabomba, utazoea kibali cha kazi, na ukikosea hakuna kisima chini yako. Baada ya mwaka mmoja au miwili utakwenda baharini kama fundi anayejua anachokiuliza. Usingoje mafuta ya kwetu peke yake. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ni ya 2016 na mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar ulitiwa saini 2018, lakini hatujazalisha hata pipa moja.

Mengine hayafai kwa maandishi. Mkataba upeleke kwa mkono ofisi ya kazi ya Serikali, usomwe na mtu anayeijua lugha yake, kabla hujatia saini. Ukiwa na pumu, kifafa, kisukari, moyo, au masikio yanayouma ukipiga mbizi, muone daktari sasa, hapo Chake au hospitali ya Abdalla Mzee, usingoje vipimo vya kampuni. Na kama umewahi kuungua au kuripukiwa kazini, ukawa ukisikia kishindo unatetemeka, mwambie daktari hilo pia.

Kwa wakala uliza manne, kwa maandishi: jina la kampuni na la jukwaa, chuo kitakachokufundisha, nani analipa, na kama pana haidrojeni salfaidi. Akishakupa jina la chuo, wasiliana na chuo wenyewe, si kwa nambari aliyokupa yeye. Kisha niandikie walivyokujibu, na mpaka hapo usitoe hata shilingi.